Maji ya Jana Niliyosema Nimeyamwaga

Esta mwanangu,

Nilisema nimemwaga maji, na sikuyamwaga. Hilo sijamwambia mtu yeyote: si Sista, si Padre kwenye kitubio, si Bibi yako ambaye nalala naye chumba kimoja. Nakuambia wewe kwa sababu kesho unaondoka, na kwa sababu kati ya watu wote walio hai, jambo hili linakuhusu wewe kuliko mwingine.

Umekwenda bondeni na Bibi kuteka maji. Mtarudi jua likishuka, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kuchungulia begani kwangu na kusoma kwa sauti kama ulivyozoea. Nikimaliza nitaiweka barua ndani ya kitabu chako cha hesabu, maana najua hicho hutakifungua kabla ya kufika Lindi.

Mambo ya safari Bibi ameshakuambia yote, mengine mara tatu. Usitembee nyuma ya wapagazi, usinywe maji ya madimbwi, ukifika mwamkie mke wa Mwalimu, mwenyeji wako, kabla hujatua mzigo. Mimi sina la kuongeza. Sijawahi kufika mbali kuliko Masasi.

Nina miaka kumi na minane na wewe kumi na miwili. Watu wakituona njiani hudhani ni mtu na mdogo wake. Lakini siku ya kuondoa matanga ya dada yangu, Bibi alikushika mkono akakuleta mbele yangu, akasema, "Mama mdogo ni mama. Huyu ni wako." Nilitaka kujificha nyuma ya ghala. Wewe uliniangalia tu, kamasi zinakutoka, ukaniuliza kama kuna ugali umebaki. Ndivyo tulivyoanza.

Nikueleze tangu mwanzo, maana ukikosa mwanzo hutaelewa kwa nini maji yale ni kosa.

Wakati wa vita vya maji tulikuwa Masasi. Mimi nilisoma misheni na kukaa kwa mama yako na baba yako. Wewe ulikuwa na miaka saba; uliwahi kuniambia unakumbuka harufu ya tumbaku ya baba yako na alivyokuwa akikurusha juu, basi. Mimi nakumbuka jioni aliyorudi amenyunyiziwa dawa, amejifunga bua la mtama kichwani. Mama yako alikuwa anapepeta, hakuinua macho.

"Risasi ikigusa maji haya inageuka maji nayo," baba yako alisema.

"Wameyajaribu kwa nani?"

"Yamejaribiwa huko Umatumbi."

"Nani aliona?"

"Watu, Mama Esta. Watu wameona."

"Watu gani? Hawana majina?"

"Ee, mwanamke huyu! Unataka risasi yenyewe ije hapa uihoji?"

Akacheka, na mama yako akacheka pia, maana baba yako alikuwa mtu wa kuchekesha hata ukiwa umemkasirikia. Siku ya pili aliondoka na wenzake. Misheni ikachomwa, sisi tukakimbilia porini, na baada ya wiki kadhaa rafiki yake mmoja alikuja kutuambia hatarudi. Alisema maji yalikuwa mazuri, ila huenda baba yako alivunja mwiko. Labda alilala na mkewe kabla ya kuondoka. Labda aligeuka kutazama nyuma.

Mama yako alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Aliyepona, maji yamemponya. Aliyekufa, kosa ni lake. Sasa hayo maji yenyewe yatakosea lini, shemeji?"

Yule mtu alikunywa uji tuliompa akaenda zake.

Huko pwani utakutana na watu wanaovicheka vita vile. Usicheke nao. Baba yako alikuwa na alama za kiboko mgongoni kwa sababu ya pamba aliyolazimishwa kulima, ambayo haikuwa yake. Mtu mwenye mgongo kama ule akisikia kuna dawa, hakai chini kuipima. Na maswali ya mama yako nayo yalikuwa ya haki. Wewe umetoka kwa wote wawili, nami sitakuambia umtupe mmoja.

Baada ya hapo tulipanda huku juu, kwa Bibi, Kitangari. Njaa ya baada ya vita unaikumbuka mwenyewe. Shule ilipofunguliwa tena nilikwenda misheni ya Newala, nikawa nalala huko, na kila mchana baada ya masomo namsaidia Sista katika nyumba ya dawa. Mama yako naye alipata kazi ya kuteka maji ya misheni, akahamia nami, na wewe ukabaki na Bibi.

Sista alikuwa akitibu vidonda kwa mzizi wa Bibi yako. Hilo wengi wamelisahau. Bibi alimwonyesha mwenyewe: kimti kifupi chenye majani ya kijivu, unachimba mzizi, unauponda, unauchemsha, mgonjwa anakunywa na mengine anaoshea. Bibi aliufundishwa na mama yake. Wakati wa vita uliponya watu waliokuwa wanachuruzika usaha, au tuseme watu hao walikunywa na walipona. Zamani nilidhani kauli hizo mbili ni moja.

Bwana Daktari alisikia habari za mzizi akapanda kutoka pwani na masanduku yake, chupa zimefungwa kwenye majani makavu kama mayai. Wewe hukumwona. Alikuwa mrefu, mwekundu shingoni, Kiswahili chake kifupi kama cha kuamrisha askari, lakini hakupiga mtu. Alimwambia Sista anataka msichana anayejua kuandika na asiyesema sana. Sista akanisukuma mbele.

Jambo la kwanza alilotaka ni panya hai wa shambani. Ishirini.

Unajua kwetu panya ni nini. Habari ilifika vijijini kabla ya jua kutua kwamba Mzungu ananunua kitoweo. Panya waliletwa wengi mpaka akafunga mlango. Tukawaweka kwenye madebe yaliyofunikwa wavu wa waya, kumi upande wa dirisha na kumi upande wa mlango, kila debe na kifuu chake cha maji. Nikawa nawalisha mtama. Wanawake waliokuja kutibiwa walisimama mlangoni wakinicheka.

"Agnesi, unawanenepesha mpaka lini?"

"Mwacheni, anasubiri ugali."

Bibi yako alipokuja kuleta mizizi alisimama akawatazama kwa muda, kisha akasema kwa Kimakonde, "Panya mgonjwa anatibiwa, mtu mgonjwa anasubiri kwenye baraza." Daktari aliniuliza mama yangu amesema nini. Nikamwambia amewasifu panya.

Daktari alikuwa na usaha aliouotesha ndani ya chupa, kwenye supu ya nyama iliyoganda. Alinionyesha katika chombo chake cha kukuzia vitu: vijidudu mviringo vimeshikana kama shanga zilizokatika uzi. Alisema hivyo ndivyo vinavyoozesha kidonda, na huko pwani panya aliyetiwa vijidudu vile hafiki wiki. Akawanyoa panya wote kidogo mgongoni, akawakata kwa kisu chembamba, akawatia vijidudu. Niliwashika mimi. Walilia. Sikuzoea, na sitakuambia kwamba nilizoea.

Panya wa dirishani walikuwa wanywe maji ya mzizi. Wa mlangoni wanywe maji matupu.

Sikuwa nimemwuliza swali hata moja tangu aje, lakini siku ile nilimwuliza. "Hawa wa mlangoni, Bwana, wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu. Hawa ndio watanipa jibu."

"Lakini watakufa."

"Wengi, ndiyo. Nikiwapa wote dawa, na wote wakapona, nitajuaje dawa imeponya? Labda wangepona wenyewe. Lazima pawe na wasiopewa."

Nilisimama na debe mikononi nikamkumbuka mama yako na ungo wake, akiuliza maji yatakosea lini. Alikuwa ameuliza jambo lile lile bila chupa wala kitabu. Jioni nilimweleza mama yako. Akaniambia, "Kumbe Mzungu wako ana akili," kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Sasa maji.

Kule Newala maji ni yale yale ya Kitangari: yako chini, na sisi tuko juu. Mama yako alikuwa anaondoka jogoo wa kwanza, anashuka mteremko, anapanga foleni kwenye shimo, anapanda na mtungi. Mtungi mmoja ulikuwa wa Sista. Daktari alipokuja aliongezewa wa pili kwa ajili ya panya na kuoshea chupa. Kwa hiyo alishuka mara mbili. Shingo yake ilianza kukakamaa, akawa akitaka kunitazama anageuka mwili mzima.

Amri ya Daktari ilikuwa kila asubuhi nimwage maji ya jana kutoka kwenye vifuu vyote, nisuuze vifuu, niweke mapya.

Esta, wewe umezaliwa chini lakini umekulia huku. Niambie ni nani umewahi kumwona akimwaga maji. Ya kunawia yanaoshea vyombo, ya kuoshea vyombo yanakwenda kwa kuku, na kuku wakibakiza yanakwenda kwenye mche. Nilikiinua kifuu cha kwanza nikafika nacho mlangoni, mkono ukakataa. Yalikuwa maji ya shingo ya mama yako.

Kwa hiyo sikumwaga. Kila asubuhi nilikusanya mabaki ya vifuu vya dirishani, pamoja na maji ya kusuuzia, nikayachuja kwa kitambaa, nikawanywesha panya wa mlangoni. Kwa namna hiyo mtungi wa panya ulitosha siku mbili badala ya moja, na mama yako akapumzika safari moja kila siku ya pili. Akaniuliza, "Panya wako siku hizi hawanywi?" Nikamwambia, "Wanakunywa kidogo." Nilifurahi kuona shingo yake inageuka.

Utaniuliza kama sikujua kwamba mabaki yale yana dawa. Nilijua na sikujua. Kwetu dawa ni ile inayotolewa kwa mkono wa mganga, kwa kipimo chake, kwa mgonjwa aliyekusudiwa. Kinachobaki chunguni ni maji ya kuogea mtoto. Bibi hufanya hivyo mpaka leo. Panya wa dirishani nilikuwa nimewapa dawa, wa mlangoni sikuwapa. Niliwapa maji yaliyobaki. Katika kichwa changu hayo yalikuwa mambo mawili mbalimbali, na kichwa chenyewe kilikuwa kinasoma darasa la juu kabisa.

Baada ya siku nane Daktari alihesabu. Wa dirishani alikuwa amekufa mmoja. Wa mlangoni wawili. Wengine wote walikuwa wanakimbia na kugombania mtama, vidonda vimekauka.

Alikaa chini kwenye sanduku. Alikuwa ametarajia wa mlangoni wafe karibu wote. Alivua miwani, akaisafisha, akaivaa.

"Hakuna tofauti," alisema. "Hawakupewa kitu, na wamepona."

Sista akasema labda vijidudu vimechoka na safari.

"Labda. Au panya wa huku ni wagumu. Lakini mzizi haukufanya kitu hapa." Kisha akanigeukia. Hakunigeukia kwa ukali. Aliniuliza kama mtu anayeuliza ili amalize orodha. "Ulifanya yote nilivyosema? Maji ya jana ulimwaga?"

Hapo ndipo nilipojua. Kabla hajafunga mdomo nilikuwa nimekwisha kuona jambo zima, tangu kifuu cha kwanza. Nilijua kwamba panya wa mlangoni walikunywa mzizi siku nane, na kwamba kupona kwao hakukuwa ushahidi dhidi ya mzizi, huenda kulikuwa ushahidi wake. Neno moja lingetosha. Lakini Sista alikuwa ananitazama, na alikuwa amemwambia Daktari kwamba mimi ni msichana wa kuaminika, na mashavu yangu yalikuwa yanawaka.

"Nilimwaga, Bwana," nikasema.

Akaandika. Asubuhi yake akafunga masanduku, maana alikuwa anaitwa pwani.

Watu hudhani mtu mwenye haya hasemi uongo kwa sababu hasemi sana. Mimi nimejifunza kwamba ni kinyume. Mwenye haya husema uongo mfupi, ule unaomaliza mazungumzo haraka. Na wewe una haya zangu, ingawa unazificha kwa kelele. Sikuambii uzitoe, sijui mtu anazitoaje. Nakuambia tu kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema jambo hilo asubuhi ile ile, wapagazi wakifunga mizigo. Nilikuwa nayo pia siku iliyofuata, na wiki iliyofuata kwa barua. Kila siku iliyopita ilifanya neno lile lile liwe zito zaidi, mpaka likawa halibebeki.

Sista aliitupa mizizi yote iliyokuwa kwenye rafu. Hakuwa na ubaya. Alisema kama haifai kitu, basi kuitia kwenye kidonda ni kutia udongo.

Miezi mitatu baadaye mama yako alikuja Kitangari kulima. Wewe ulikuwapo. Ulimwona alipoteleza na jembe likampata kwenye muundi, na ulicheka kwanza kwa sababu alitukana kwa Kimakua. Usijilaumu kwa kicheko hicho. Na yeye alicheka. Ilikuwa jeraha dogo. Siku ya nne mguu ulikuwa umevimba mpaka goti na mwili unachemka, wakamleta Newala kwa machela.

Sasa nakuambia sehemu ambayo hukuiona, maana walikuacha nyumbani.

Sista alimwosha kidonda kwa dawa yake kali, akakifunga, akafanya kila alichojua. Mchana Bibi akafika kwa miguu. Alikuwa amefunga mizizi kwenye pindo la kaniki yake. Akaifungua mbele ya Sista, akaipanga kwenye meza moja moja. Kiswahili chake unakijua, cha kununulia chumvi tu. Kwa hiyo mimi nilisimama katikati kutafsiri.

"Mwambie huu ndio wa vidonda. Achemshe leo. Asingoje kesho."

Nikamwambia Sista.

Sista akamshika Bibi mkono. "Mwambie mama nasikitika. Daktari aliujaribu hapa hapa, wewe mwenyewe ulikuwapo. Hauna nguvu. Sitaki tupoteze muda."

Nikamgeukia mama yangu. Ningeweza kumwambia Sista, "Subiri, mimi nina neno." Kwa Kiswahili hayo ni maneno manne. Badala yake nilitafsiri vizuri, bila kuacha kitu, kama tulivyofundishwa.

Bibi akauliza, "Nani kaujaribu?"

"Daktari."

"Kwa nani?"

"Kwa panya."

Akatabasamu kidogo upande mmoja. "Panya ndio waliokataa?" Kisha akanitazama mimi, akamwacha Sista. "Na wewe uliona?"

"Niliona, Mama."

Akaikusanya mizizi, akaifunga tena kwenye pindo. Akakaa sakafuni karibu na kitanda cha mama yako akaanza kumpepea.

Siku mbili baadaye, Sista alipokwenda kwenye sala ya mchana, nilichemsha mzizi mmoja niliouchimba mwenyewe nyuma ya kanisa, nikamnywesha mama yako kwa kijiko. Akakunja uso. "Uchungu! Hii ndiyo ya panya wako?" Nikasema ndiyo. "Basi na mimi nitakimbia," akasema. Akanywa kikombe kizima. Wakati huo mstari mwekundu ulikuwa umekwisha kupita paja. Alifariki siku ya pili yake, alfajiri, akiuliza kama umekula.

Sijui kama mzizi ungemponya angeunywa mapema. Soma tena hapo, Esta, maana ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Huenda ungemponya. Huenda Sista alikuwa sahihi na asingepona kwa lolote. Ningependa kukuambia moja kati ya hayo ili tulie vizuri au tutulie vizuri. Siwezi. Hakuna mtu duniani anayejua, na sababu ya kutojulikana ni mimi.

Mwaka jana nilijaribu kurudia mwenyewe. Unakumbuka madebe mawili nyuma ya jiko, ukaniuliza ni kitoweo cha sikukuu gani? Niliwakata, nikawapaka usaha wa kidonda cha mtu. Wengine walikufa siku ile ile kwa sababu niliwakata vibaya, wengine hawakuumwa kabisa, mmoja akala mwenzake. Sina chupa, sina kisu chembamba, wala sijui kuotesha vile vijidudu. Niliwatesa bure, nikaacha.

Anayeweza kurudia ni Daktari, naye yuko Lindi, katika hospitali ambayo utakuwa unafua bendeji zake. Mke wa Mwalimu alipoandika kwamba hospitalini wanataka msichana kutoka huku, nilikaa siku tatu kabla ya kumwambia Bibi. Nilitaka kujua kama nakutuma kwa faida yako au yangu. Nadhani ni kwa zote mbili. Ukiona nimekutumia, una haki ya kukasirika, na hasira hiyo usiifiche kwenye barua utakazoniandikia.

Ndani ya mkoba wako wa nguo, chini ya kaniki mpya, kuna barua nyingine. Ni fupi. Inamwambia Daktari kwamba panya wa mlangoni walikunywa maji ya mzizi kwa siku zote nane, kwamba aliponiuliza nilimdanganya, na kwamba alichoandika kitabuni kuhusu mzizi ule kinatokana na uongo wangu. Nimeweka jina langu lote. Pamoja nayo kuna kifurushi cha mizizi, Bibi ameichimba juzi akidhani ni ya kwako ya safari. Mpe Daktari mkononi mwake, usimwachie mtumishi. Akifoka, mwache afoke. Ni mimi anayefokewa, wewe umesimama tu hapo kama mimi nilivyosimama na madebe. Akiirarua, niandikie. Akianza kutafuta panya, niandikie upesi zaidi.

Na akikuomba umshikie panya, shika tu kama unataka. Lakini akikuuliza ulichofanya, mwambie ulichofanya, hata kama ni upuuzi, hata kama kuna mtu anakutazama. Sina ushauri mwingine. Huo mmoja umenigharimu sana, na sijui kama utakusaidia. Labda kila mtu hulipia wa kwake.

Barua ya Daktari si siri. Akitaka aisome mbele ya hospitali nzima, na Sista nitamwambia mwenyewe Jumapili, nimekwisha kuamua. Nikifukuzwa nyumba ya dawa nitalima.

Ila hii yako isome, uichome. Nasikia sauti ya Bibi kule njiani, anakugombeza kwa kumwagia maji mgongoni, kwa hiyo nimalize. Anajua mwanawe alikufa kwa kidonda, na anajua mzizi wa mama yake ulipimwa ukashindwa, na amekubali yote mawili kwa sababu aliniuliza kama niliona, nami nikasema niliona. Ana umri mkubwa. Kila asubuhi nikiwa nyumbani ananiita nimsomee Injili, kwa kuwa ananiamini kuliko macho yake. Najua si haki kukuomba uanze safari na mzigo kama huu, na mtu mwenye moyo mkubwa kuliko wangu asingekuomba. Mimi nakuomba. Mwambie yeyote kuhusu panya. Lakini Bibi, Esta, asijue kamwe kwamba siku ile, nilipokuwa natafsiri, nilikuwa najua.

Mama yako mdogo,
Agnesi